Zebaki ya Meno Huenda Wapi?

Zebaki tunaijua. Wachimbaji wa dhahabu huitumia. Lakini imo hata midomoni mwa watu! Ile dawa ya rangi ya fedha ya kuzibia jino, karibu nusu yake ni zebaki. Mwenye nayo asikimbilie kuitoa ikiwa bado nzima.

Daktari anapotoa ya zamani, chembe zake hutemwa pamoja na mate. Bomba likiwa halina chujio, huingia mtaroni, kisha mtoni. Ndani ya tope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi. Samaki wadogo huipata, wakubwa huwala wadogo, nasi tunawala wakubwa. Kuchemsha hakuiondoi.

Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956: watu walitetemeka, watoto wakazaliwa na ulemavu. Kliniki moja haimwagi nyingi hivyo, lakini zebaki haiozi.

Basi, tulio katika kamati za vituo vya afya tuulize: chujio lipo? Mabaki yake yanawekwa wapi? Yasichomwe, mvuke wake ni sumu. Na kipimajoto cha zebaki kikivunjika, tusifagie wala tusitupe chooni. Tufungue madirisha, tuyazoe matone kwa karatasi ngumu, tuyatie katika chupa yenye kifuniko, tumpelekee Bwana Afya.