NURU YA KUTOSHA HATUA MOJA

Msafiri atokaye Karatu asubuhi kwenda Ngorongoro huacha nyuma yake mashamba ya mahindi na ngano. Apitapo lango la Lodoare na kuingia msituni, mara nyingi ukungu humfunika. Afikapo ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, huenda asione kitu. Kumbe chini yake, kina cha mita 600 hivi, bonde lipo palepale pamoja na ziwa lake na wanyama wake. Ndivyo yalivyo mambo ya Mungu: hayakomi kuwapo kwa sababu sisi hatuyaoni.

Madereva wa njia ile wanajua jambo jingine lifaalo kutufundisha. Katika ukungu mzito, awashaye taa kali za mbali hujidhuru, maana mwanga hupiga matone ya maji yaliyo hewani na kumrudia machoni. Mwenye busara hushusha taa, hupunguza mwendo, na kufuata kipande kidogo cha barabara kinachoonekana mbele yake. Akiisha kukipita, kingine huonekana.

Nuru ya roho nayo hutolewa hivyo. Mwenye Zaburi alililinganisha neno la Mungu na taa ya miguu, nayo taa ya miguu humulika karibu. Tutazame pia sura ya 9 ya Injili ya Yohane, habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Hakuulizwa kwanza kama ameelewa. Aliambiwa aende kunawa katika birika la Siloamu. Akaenda, akarudi anaona. Lakini macho ya moyo yalifunguka polepole: kwanza alimtaja Yesu kama mtu tu, halafu akasema ni nabii, halafu akawajibu Mafarisayo kwamba bila shaka ametoka kwa Mungu, mwisho akamsujudia kama Bwana. Utii ulitangulia, ufahamu ukafuata. Nao waliojiona wameelewa yote walibaki gizani.

Hatusemi kwamba akili ifungwe. Akili ni zawadi ya Mungu, na mzazi asiyeijua katekisimu atamfundishaje mwanawe? Twasema tu kwamba angojaye kuelewa yote ndipo atii, atangoja mpaka kaburini.

Hatari hiyo imo katika nyumba zetu. Mume na mke waliokosana husema watapatana itakapojulikana nani alianza kukosa. Baba ambaye binti yake amepata mimba kabla ya ndoa hamsemeshi, akingoja kujua majirani watasemaje na mambo yataishaje. Hizo ndizo taa kali ndani ya ukungu: kadiri tunavyolazimisha kuona mbali, ndivyo tunavyozidi kupofuka. Kumbe nuru ya kutosha ipo tayari. Binti yule ni mtoto wetu, na mjukuu aliye tumboni ameumbwa na Mungu. Mke huyu ndiye tuliyemwahidi mbele ya altare. Kwa leo, neno moja la upole na sahani ya chakula vyajulikana kuwa ni haki. Barua ya kwanza ya Yohane yafundisha waziwazi kwamba amchukiaye ndugu yake angali gizani, hata akijidai kuwa yumo nuruni.

Katika Mkesha wa Pasaka mshumaa wa Pasaka huwashwa kwa moto mpya uliobarikiwa, na kanisa lililo giza hupata nuru mkono kwa mkono. Mtoto abatizwapo, mshumaa wake huwashwa kwa ule wa Pasaka, na wazazi pamoja na wasimamizi hukabidhiwa kuitunza nuru hiyo. Ni mwali mdogo. Hata hivyo watosha kuuonyesha uso wa mtu aliye karibu. Basi, wazazi wapenzi, kabla ya sala ya jioni hii, kila mmoja wetu na atende lile moja ambalo amekwisha kulijua kuwa ni la haki. Lile la kesho Mungu atalionyesha kesho.