Boti Ndogo ya Kujaza Upepo: Mambo ya Kutayarisha Kabla ya Kuingia Bwawani

Kata ya Kanyenye iko ndani ya mji, mbali na ufuko wa ziwa lolote. Hata hivyo, Bwawa la Igombe, lililoko kaskazini mwa mji, pamoja na mabwawa madogo ya mkoani, humpatia mvuvi mdogo kitoweo na kipato. Tatizo la kwanza la mvuvi anayeishi mjini ni chombo. Mtumbwi wa gogo ni mzito, haubebeki kwa pikipiki, na ukiachwa ufukoni usiku huenda usionekane asubuhi. Ndiyo maana boti ndogo ya kujaza upepo, ambayo hukunjwa na kurudi nyumbani pamoja na mwenyewe, huwavutia wengi. Somo hili linaeleza namna ya kuichagua, kuiandaa na kuitumia boti hiyo ili imrudishe mvuvi akiwa salama.

Suala la kusafirisha chombo cha majini kuvuka nchi kavu si geni katika njia hii ya misafara. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walikuwa na boti ya chuma iliyoundwa kwa vipande ili ibebwe na wapagazi. Wapagazi hawakutosha, na boti ikaachwa nyuma. Walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, baada ya kupita Kazeh, yaani Tabora ya leo, walisimama mbele ya Ziwa Tanganyika bila chombo chao na ikawalazimu kutegemea mitumbwi ya wenyeji. Baadaye meli ya Graf von Götzen, inayojulikana leo kama MV Liemba, ilisafirishwa kwa masanduku kupitia Reli ya Kati, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Matukio hayo mawili yanafundisha jambo moja: chombo cha kubebeka kina faida pale tu kinapofika majini kikiwa kamili, pamoja na kila kifaa chake.

Kuchagua boti

Boti za upepo zinazouzwa madukani ni za aina mbili. Zipo za plastiki nyembamba, zilizokusudiwa watoto kuchezea katika mabwawa ya kuogelea. Hizo hazifai kuvulia hata kama bei yake ni nafuu na rangi yake inapendeza. Zipo pia za turubai nene lililopakwa plastiki au mpira, zenye maungio mapana, pete za kufungia kamba na mahali pa kushikia makasia. Hizi ndizo zinazostahili kazi ya uvuvi.

Mnunuzi ahesabu vyumba vya upepo. Boti yenye chumba kimoja ikitobolewa huzama mara moja, lakini yenye vyumba vitatu au zaidi hubaki ikielea hata chumba kimoja kikiisha upepo. Vilevile asome kibandiko kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, idadi ya watu na kiwango cha upepo. Boti isiyo na kibandiko hicho ni bora iachwe dukani.

Boti ikishafika nyumbani, ijazwe upepo na kulazwa uani usiku kucha. Asubuhi maungio na vali zipakwe maji ya sabuni. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Kasoro inayogunduliwa uani ni ya fedha. Ikigunduliwa katikati ya bwawa, inakuwa ya uhai.

Upepo wa kutosha, si wa kuzidi

Kosa linaloweza kuiharibu boti siku ya kwanza ni kuipeleka kwa fundi wa matairi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takribani 30 kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba, ilhali boti nyingi za aina hii huhitaji takribani 3 tu. Mashine ya kujazia matairi inaweza kupasua maungio kwa muda mfupi sana. Pampu ya mguu au ya mkono inatosha, na kibandiko cha boti ndicho kifuatwe.

Jua nalo lina sehemu yake. Hewa ikipata joto hutanuka. Boti iliyojazwa kipimo cha 3 asubuhi hewa ikiwa na nyuzi joto 20, kisha ikaachwa juani hadi hewa iliyomo ikafikia nyuzi 40, kipimo chake hupanda kufikia karibu 4. Hilo ni ongezeko la theluthi nzima bila pampu kuguswa. Kwa sababu hiyo, boti inayopumzishwa ufukoni mchana iwekwe kivulini au ipunguzwe upepo kidogo. Kinyume chake pia ni kweli. Boti iliyojazwa juani hulegea inapogusa maji baridi, hivyo ikaguliwe tena dakika chache baada ya kuingizwa majini na iongezwe upepo kabla ya kuondoka.

Kuipanga boti kwa kazi ya uvuvi

Adui wa boti ya upepo aghalabu hupanda humo pamoja na mvuvi. Ndoana, kisu, miiba ya kambare na mapezi ya perege vinaweza kuitoboa kutoka ndani. Kwa hiyo sakafu itandikwe turubai nzito au mkeka mnene. Ndoana zitunzwe katika kopo lenye kifuniko, kisu kikae ndani ya ala, na samaki watiwe moja kwa moja katika ndoo ngumu yenye mfuniko.

Ubao wa kukalia hufaa, lakini kingo zake zipigwe msasa hadi ziwe laini na pembe zake zifungwe kitambaa. Boti isitobolewe kwa skrubu wala msumari kwa namna yoyote. Vifaa vyote vifungwe kwa kamba katika pete zilizowekwa na mtengenezaji, na pete ya ziada ikihitajika, igandishwe kwa gundi inayofaa.

Nanga ya chuma yenye ncha isitumike. Mfuko mgumu uliojazwa mchanga unatosha kuizuia boti nyepesi katika maji yaliyotulia. Kamba yake iwe ndefu mara tatu au zaidi ya kina cha maji, na ifungwe mbele ya boti. Nanga ikifungwa nyuma, mawimbi hupanda juu ya boti kutoka upande ulio mzito na kuijaza maji. Mtoni, penye mkondo wa nguvu, hatari hiyo huwa kubwa zaidi.

Hesabu ya uzito

Uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibandiko ni wa maji yaliyotulia. Mvuvi mwenye busara hupakia robo tatu tu ya kiwango hicho, ili boti iwe na akiba wimbi likitokea. Kwa mfano, boti iliyoandikwa kilo 300 ichukuliwe kuwa na nafasi ya kilo 225. Watu wawili wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 140. Nyavu zilizolowa pamoja na nanga zikiwa kilo 30, na ndoo, maji ya kunywa na vifaa vingine kilo 10, jumla ni kilo 180. Zinabaki kilo 45 za samaki. Akipanda mtu wa tatu mwenye kilo 70, jumla inafikia kilo 250, na kiwango kimepitwa kabla ya samaki wa kwanza kuvuliwa.

Hesabu hii isidharauliwe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara kikiwa kimezidisha abiria, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Ikiwa chombo cha chuma kilishindwa na uzito uliozidi, boti ya upepo haina nafasi ya kujadiliana nao.

Usalama wa mvuvi

Kila aliyemo avae jaketi okozi tangu kabla ya kupanda hadi atakapokanyaga nchi kavu. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii aliyekwisha kuanguka majini. Kujua kuogelea si sababu ya kuliacha, kwa kuwa mtu aliyejikwaa katika wavu hawezi kuogelea.

Vifaa vingine vya lazima ni makasia mawili na moja la akiba, kopo la kuchotea maji, pampu, filimbi, tochi, kamba ya kumrushia mtu na simu iliyofungwa katika mfuko usiopitisha maji. Mvuvi asisimame ndani ya boti wakati wa kuvuta wavu. Avute akiwa amekaa au amepiga magoti, mwenzake akikaa upande wa pili kuweka mizani.

Boti hii ni nyepesi na hukaa juu ya maji, hivyo husukumwa na upepo kwa urahisi. Mvuvi aanze safari kwa kuelekea unakotoka upepo angali na nguvu, ili wakati wa kurudi upepo umsaidie. Mawingu ya mvua yakianza kukusanyika, arudi bila kusubiri radi ya kwanza. Wakati wa kiangazi, maji yanapopungua, visiki vilivyozama hukaribia uso wa maji, na mwendo uwe wa polepole.

Mahali penye mamba au viboko, boti ya upepo isitumike kabisa. Wenyeji waulizwe kwanza. Kabla ya kuondoka nyumbani, mvuvi amweleze mtu mmoja mahali anapokwenda na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila habari, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114 bila kuchelewa.

Kuziba tundu

Gundi ya kuzibia mpira wa baiskeli haishiki vizuri kwenye turubai la plastiki. Inunuliwe gundi inayoendana na turubai la boti husika. Upepo utolewe, mahali penye tundu pasafishwe kwa spiriti na pakauke, kisha pasuguliwe kidogo kwa msasa. Gundi ipakwe kwa tabaka jembamba mara mbili, katika boti na katika kiraka, na kiraka kikandamizwe kwa kitu kizito. Boti isijazwe upepo kabla ya saa 24 kupita. Baada ya kila safari ioshwe kwa maji safi, ikaushwe kivulini, ikunjwe bila kubanwa sana na ihifadhiwe mbali na panya.

Sheria na maji ya wote

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinaweka masharti ya leseni kwa mvuvi na chombo chake. Mwenye boti asijiamulie kwamba udogo wa chombo unamwondolea wajibu. Afike kwanza kwa Afisa Uvuvi, ambaye pia atamweleza ukubwa wa matundu ya wavu unaoruhusiwa na masharti ya usalama yanayosimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Uvuvi wa sumu, baruti, kokoro na nyavu za timba umepigwa marufuku.

Wapo wanaokumbuka uvuvi wa msimu katika Mto Ugalla. Mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2019 eneo kubwa la mto huo ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na kuvua ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa. Boti na nyavu zinaweza kutaifishwa, na mtaji wa miaka ukapotea kwa siku moja.

Kuhusu Igombe, ikumbukwe kuwa bwawa hilo lilijengwa ili kuupatia mji maji. Injini ya petroli inayovuja, matumbo ya samaki yanayotupwa ufukoni na haja inayofanyika kando ya maji hurudi katika ndoo za majumbani. Mvuvi atumie makasia, takataka azirudishe nyumbani na afuate maelekezo ya Mamlaka ya Maji, TUWASA, kuhusu maeneo yasiyoruhusiwa. Maji yaliyotuama yanaweza pia kuwa na vimelea vya kichocho. Anayeona damu katika mkojo afike zahanati mapema, kwa kuwa ugonjwa huo unatibika.

Wakazi wenye boti, au wanaokusudia kununua, wanashauriwa kuanzia katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata ili waelekezwe kwa Afisa Uvuvi wa Manispaa. Inafaa waende na kibandiko cha boti au picha yake, na waulize kabla ya kulipa fedha dukani. Samaki wa wiki hii akikosekana, wapo wa wiki ijayo. Mvuvi akikosekana, nyumba yake haina mwingine.