Kompyuta Haifundishi Peke Yake



Siku hizi vikundi vingi vinauliza: je, tufanye harambee tuinunulie shule yetu kompyuta? Ni swali zuri, kwa sababu watoto ni wetu na pesa ni jasho letu. Lakini kabla ya kufungua mfuko wa kikundi, tujifunze kwa mwalimu mmoja.

Mwalimu wa Keriko

Bruda Peter Tabichi ni mtawa wa Kifransisko. Alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru. (Si Pwani ya Mombasa.) Mwezi Machi 2019, huko Dubai, alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Wengi walidhani shule yake imejaa mitambo. La! Ilikuwa na kompyuta moja tu, na intaneti ya kubahatisha. Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58.

Sasa alifanyaje? Alikwenda kwenye saiba, akatafuta picha na mafunzo, akayahifadhi, kisha akayatumia darasani bila intaneti. Mwaka 2018 wanafunzi wa shule hiyo walionyesha, katika mashindano ya sayansi ya taifa, kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Wazo lilitoka kwa watoto. Kompyuta ilikuwa msaidizi tu.

Tupige hesabu

Kipindi ni dakika 40. Wanafunzi 58 wakipewa zamu kwenye kompyuta moja, kila mmoja atapata kama sekunde 41. Hata kuandika jina lake hatamaliza! Na tunajua wenye nguvu ndio watakaosukumana mbele. Wasichana na watoto wapole watabaki nyuma wakichungulia.

Mwalimu aliyejiandaa hafanyi hivyo. Anaonyesha darasa zima picha, tuseme ya moyo ukisukuma damu. Anaisimamisha katikati na kuuliza: "Damu inaenda wapi sasa?" Watoto wanabishana kidogo, wanachora, wanahesabu mapigo ya moyo mkononi. Hapo wote 58 wamefanya kazi.

Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tableti, yaani vishikwambi, katika shule za msingi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Yote hayo ni mema. Lakini redio husema ikapita. Haijui kama mtoto ameelewa. Tableti nayo haioni mtoto aliyeinamisha kichwa kwa sababu hakula jana. Mwalimu ndiye anayeona.

Mambo manne ya kuangalia

1. Mtumiaji. Ni mwalimu gani ataitumia? Je, amefundishwa? Akihamishwa, nani atashika nafasi yake?

2. Stima na ulinzi. Kuna stima au sola? Mlango una kufuli ya maana? Nani atalipa fundi ikiharibika?

3. Somo. Itasaidia somo gani ambalo ubao na chaki haviwezi?

4. Haki. Wasichana, walemavu na watoto wa maskini watafikiwa vipi?

Kama majibu hayapo, msikate tamaa. Pengine msaada wa kwanza si kununua mashine mpya. Inawezekana mwalimu anahitaji nauli ya kufika mjini, bando la intaneti na flashi ya kuhifadhia masomo. Huo ni mchango mdogo, na kikundi kinaweza kuutoa mwezi huu. Tukiona faida yake, tutanunua kubwa zaidi kwa macho wazi. Jembe jipya likikosa mkulima hushika kutu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Shule yetu ina vifaa gani tayari? Vinatumika, au vimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu?
- Ni nini kinachowazuia walimu wetu kuvitumia?
- Sisi wazazi tunawauliza watoto jioni wamejifunza nini, au tunauliza matokeo ya mtihani tu?

Kazi ya kufanya

Chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, waende kuongea na mwalimu mkuu kabla ya mkutano ujao. Wasiende na ahadi ya pesa. Waende na maswali, wasikilize, kisha walete ripoti kwa kikundi. Baada ya hapo ndipo mtunza hazina afungue kitabu.