Kesi ya Mzigo Huanzia Mzanini: Mafunzo Niliyopata Nikiwa Mzee wa Baraza

Mbinga huuza kahawa na mahindi. Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, huuza dagaa na mbasa. Lami iliposhuka milimani hadi Mbamba Bay mizigo iliongezeka, na ugomvi wa mizigo nao ukaongezeka. Nimeusikiliza ugomvi huo nikiwa mzee wa baraza, kando ya hakimu wa mahakama ya mwanzo. Nimeona kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na kanuni za ushahidi hufuatilia jambo lilelile: nini kilifanyika watu walipokabidhiana mali, na nani alikiona.

1. Mahindi yasiyopimwa bado ni ya muuzaji

Mkulima na mchuuzi wamepatana bei ya kilo. Mahindi yamelala juu ya turubai, mzani utaletwa asubuhi. Usiku mvua inanyesha. Hasara ni ya nani? Wengi hujibu kuwa ni ya mnunuzi, maana bei ilishakatwa. Sheria inasema vingine: muuzaji akiwa bado ana kazi ya kupima ili bei ijulikane, mali haihami mpaka ipimwe na mnunuzi aarifiwe, na hasara humfuata mwenye mali.

Lakini mama aliyechagua magunia ya dagaa pale Liuli, yameshafungwa, bei yote imetajwa, akasema "Haya ni yangu, nitayafuata kesho," ameshakuwa mwenye mali hata kama hajalipa. Yakilowa usiku bila uzembe wa muuzaji, hasara ni yake. Anayetaka vingine aseme mapema, kwa kuwa sheria hutazama kwanza wenyewe walipatana nini.

2. Kahawa iliyo mtini ni ahadi tu

Kabla ya mavuno hakosekani mkulima anayebanwa na ada ya shule akachukua fedha ya magoma: anauza kahawa ambayo bado ni ua, kwa bei ya shida. Sheria inaruhusu watu kupatana juu ya mali ambayo haijapatikana, ila mapatano hayo hayahamishi umiliki wa punje hata moja. Tena kahawa ina njia yake, ya vyama vya ushirika na mnada, na Serikali imeyakataza magoma. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiupi nguvu mkataba wenye lengo haramu. Aliyetoa fedha hizo akija kudai magunia yake, anaiomba msaada sheria ileile aliyoikwepa.

3. Ukikagua, kagua mpaka chini

Aliyenunua kwa sampuli ana haki ya kupata mzigo wote unaofanana nayo, na kupewa nafasi ya kulinganisha. Dagaa wakavu juu na mchanga chini si mzigo aliokubali. Ila mnunuzi aliyekagua mwenyewe hawezi kulalamikia ubovu ambao ukaguzi wake ulipaswa kuugundua.

4. Arubuni ina nguvu kuliko kiapo

Sura ya 214 bado inasema mauzo ya kuanzia shilingi 200 hayadaiki mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa arubuni au sehemu ya bei, au pawe na maandishi yenye saini ya anayedaiwa. Sheria ilipotungwa enzi za Mwingereza, shilingi 200 ilikuwa fedha nyingi. Leo karibu kila gunia limo ndani ya kanuni hiyo.

5. Mashahidi hawahesabiwi, hupimwa

Mahakama ya mwanzo haifuati Sheria ya Ushahidi ya 1967; ina kanuni zake fupi za mwaka 1964. Msingi haubadiliki: anayedai athibitishe. Anayejibu "Nilishalipa" naye ana mzigo wa kuonyesha malipo hayo. Katika madai si lazima shaka yote iondoke. Inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe mzito kuliko wa mwingine.

Ndiyo maana ndugu watatu huweza kushindwa na kuli mmoja.

"Mzee wangu, ulikuwepo wakipima?"

"Sikuwepo, mheshimiwa, ila mdogo wangu alinisimulia."

Hapo pameisha. Kuli aliyeshona magunia ameona kwa macho yake, na atataja hata uzi ulikuwa wa rangi gani.

6. Simu inasema fedha zilikwenda wapi, haisemi kwa nini

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeupa ujumbe wa simu nafasi mbele ya mahakama. Ujumbe wa malipo hutaja mtumaji, mpokeaji, kiasi na saa. Hautaji kama fedha ni za mahindi, za mkopo au za mahari, na mdaiwa mjanja huingilia kwenye pengo hilo. Daftari linaloandikwa kila siku wakati biashara inafanyika hulijaza. Lile lililoandikwa kwa kalamu moja usiku wa kuamkia kesi hujulikana upesi.

Kwa hiyo andikeni palepale mzanini: aina ya mzigo, uzito, bei, kilicholipwa na kilichobaki, nani atabeba hasara njiani, kisha saini mbili mbele ya kuli. Wenye karatasi ya namna hiyo niliwaona barazani kwa nadra.