Kigawo, kigawe na namba isiyo tasa

Shuleni nilisoma hesabu kwa Kifaransa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba namba ambazo lugha hiyo huziita “za kwanza” ni zile zinazotangulia tunapohesabu. Nilipokutana na istilahi ya Kiswahili, namba tasa, ndipo nilipouliza maana yake: ni namba kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa. 12 si tasa, kwani ni 3 × 4.

Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba Kiswahili hakitoshi kwa hesabu. Nitawajibu kwa namba moja: 147 573 952 589 676 412 927, yaani 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1.

Tuanze na maneno. Kigawo ni namba inayogawa. Kigawe ni namba inayogawanywa. Yote mawili yametokana na kitenzi -gawa, na tofauti iko mwishoni. Kiishio -e hutaja kilichotendwa, kama katika mtume, aliyetumwa, na kiumbe, kilichoumbwa. Hivyo 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Irabu moja inabeba uhusiano mzima.

Sasa turudi kwenye namba yetu. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiweka miongoni mwa namba tasa. Kwa macho tu huoni kosa. Inaishia na 7, basi 2 na 5 si vigawo vyake. Jumla ya tarakimu zake ni 109, isiyogawanyika kwa 3, basi 3 pia si kigawo.

Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba hii si tasa, lakini hakutaja kigawo chake hata kimoja. Jambo hilo lilinitatiza mpaka nilipokumbuka somo la mofolojia. Anayekutana na neno kiumbe kwa mara ya kwanza anaweza kuhisi, kwa ki- na -e, kwamba neno limeundwa, kabla hajakijua kitenzi -umba. Kujua kwamba kitu kimeundwa ni jambo moja. Kuvijua vilivyokiunda ni jambo jingine.

Vigawo hivyo havikutafutwa ovyo. Kipeo kikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo tasa cha namba ya aina hii hubakisha 1 kikigawanywa kwa kipeo mara mbili. Tazama mfano mdogo: 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2 047, yaani 23 × 89. Gawanya 23 au 89 kwa 22: baki ni 1. Kwa namba yetu tunagawanya kwa 134.

Mwaka 1903, katika mkutano wa wanahisabati huko New York, Frank Nelson Cole alitoa mhadhara wake. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni kimya, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67 na kutoa 1. Kisha upande wa pili akazidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi bila kusema neno, na ukumbi ukampigia makofi.

Cole hakuhitaji maneno kwa sababu ubao ulijibu. Mimi nilihitaji neno ili nilielewe swali, na neno hilo nililipata katika Kiswahili.

Zoezi: 2 kwa kipeo cha 23, ukitoa 1, ni 8 388 607. Si tasa. Tafuta vigawo vyake ukianzia na namba zinazobakisha 1 zikigawanywa kwa 46. Hutachoka. Andika kila hatua kwa Kiswahili, kisha uniambie neno gani limekosekana.