Tukiwafundisha, si tutawachochea?

Swali: Binti yangu yuko darasa la saba. Shuleni wanataka kuwafundisha habari za mimba na kondomu. Si bora waambiwe wasubiri tu, basi?
Mama Binti, Tanga

Jibu: Mama, kusubiri ni ushauri mzuri, na elimu kamili ya ujinsia nayo huufundisha. Ila peke yake hautoshi. Ripoti ya Marekani ya 2007 ilifuatilia vijana zaidi ya 2,000: waliofundishwa kusubiri tu hawakusubiri zaidi kuliko wenzao. Mwongozo wa UNESCO wa 2018 nao unasema elimu kamili haiharakishi ngono. Binti anayejua kwamba mimba huweza kuingia hata siku ya kwanza hadanganyiki akiambiwa “mara moja haina neno”. Mwambie asubiri, kisha mweleze kwa nini.