“Aspire”: Kitenzi Kinachotaka Jasho



Msimu wa barua za maombi umefika. Hapa Liuli vijana wa TYCS waliomaliza shule wananitumia barua zao kwenye simu niwapitishie Kiingereza kabla hawajazituma chuoni, kwa mfadhili au kwa masista. Karibu kila barua ina neno “aspire”. Mmoja ana-aspire kuwa nesi. Wa pili ana-aspire kwamba matokeo yatoke mazuri. Wa tatu ana-aspire mdogo wake asome. Wa kwanza kapatia. Hao wawili inabidi tukae nao kidogo, na nimeona heri tukae wote.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, aspirare, yaani kuelekeza pumzi mahali fulani. Ndani yake kuna spirare, kupumua, mzizi uleule wa Spiritus Sanctus, jina la Roho Mtakatifu. Hata dawa tunayosema “imeekspaya” ni ndugu wa ukoo huohuo: imetoa pumzi ya mwisho! Basi mtu anaye-aspire ameelekeza pumzi yake kwenye kitu kilicho juu yake, ambacho bado hajakifikia.

Ndiyo maana Waingereza wana masharti nalo. Kwanza halishiki kitu moja kwa moja kama “natamani unesi”. Lazima lipite kwenye “to”: I aspire to be a nurse. Pili, anaye-aspire ndiye atakayefanya. Huwezi kum-aspire mdogo wako asome; hapo sema “hope”, au sema una “aspirations” kwa ajili yake. Tatu, halitumiki kwa jambo linalokuja lenyewe. Mvua huitumaini tu. Matokeo ya mtihani uliokwisha kuufanya nayo huyatumaini tu, maana kalamu umeshaiweka chini. Wala hakuna anaye-aspire kunywa chai. Ni neno la mambo makubwa, yanayochukua miaka.

Sasa kwa Kiswahili tulitafsirije? Hapo ndipo utamu ulipo.

Ukisema “natamani”, masikio ya Kikatoliki yanashtuka kidogo, kwa sababu amri ya tisa na ya kumi zinakataza kutamani cha mwenzako. Na mtaani ukionekana una malengo makubwa utaambiwa tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nadhani methali hiyo tunaitumia vibaya mara nyingi, hasa kwa mabinti. Ukisema “natumaini”, umegusa fadhila ya Kimungu, mojawapo ya zile tatu, ambayo msingi wake ni ahadi ya Mungu na wala si bidii yako. “Natarajia” ni kungoja. Wanasiasa wamejipatia “kutia nia”: kila uchaguzi tunawasikia watia nia, ambao magazeti ya Kiingereza ya Kenya huwaita aspirants. Na kwenye nyumba za masista neno limeingia lilivyo: binti anayeanza malezi, kabla ya upostulanti na unovisi, ni aspiranti. Bado si sista. Hajaweka nadhiri. Lakini ameshatoka nyumbani na sanduku lake, na huwezi kusema anaota tu.

Fungueni Biblia sasa. New American Bible, wanayoisoma Wakatoliki wa Marekani, inaweka “aspire” mahali ambapo Paulo anatumia kitenzi cha Kigiriki philotimeisthai: Warumi 15:20, 2 Wakorintho 5:9 na 1 Wathesalonike 4:11. Maana yake ya asili ni kupenda heshima. Lilikuwa neno la matajiri wa miji ya Kigiriki, walioshindana kugharimia majengo na sherehe ili wasifiwe. Tazameni watafsiri wa Biblia ya Union walivyoliweka: pote patatu ni “kujitahidi”. Hakuna kutamani, hakuna kutarajia. Wameliweka kwenye mikono.

(Lipo pia 1 Timotheo 3:1, kuhusu anayetaka kazi ya askofu. Kigiriki chake ni kitenzi kingine, kunyosha mkono kufikia kitu. Paulo hamkemei mtu huyo. Anasema kazi anayoitamani ni njema, halafu anamwekea orodha ndefu ya sifa!)

Huko Warumi Paulo anajitahidi kuhubiri mahali ambapo Kristo hajatajwa. Mfano wake tunao hapahapa kwetu, kwa ndugu zetu Waanglikana: William Percival Johnson, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1854. Alikuwa anaelekea kazi ya serikali kule India, akaiacha, akaja Afrika mwaka 1876 na misheni ya UMCA. Alizunguka vijiji vya Ziwa Nyasa kwa miaka mingi, huku macho yake yameharibika vibaya, akafariki mwaka 1928 na kuzikwa hapa Liuli. Kwa wenzake wa chuo kikuu cha Oxford, India ndiyo ingekuwa kupanda ngazi.

Ila mstari unaonishika zaidi ni ule wa Wathesalonike. Paulo anachukua neno la wapenda sifa, halafu anawaambia walielekeze wapi? Kwenye kutulia, kushughulikia mambo yao na kufanya kazi kwa mikono yao. Nina kijana wa VIWAWA hapa ambaye kidato cha nne hakikumwendea vizuri. Anavua dagaa usiku na wenzake, asubuhi anaanika, na ananiambia yeye “hana aspiration” kama wale wanaoandika barua. Nikamuuliza anaweka akiba ya nini. Akasema ya nyavu zake mwenyewe, aache kuvua kwa nyavu za kukodi. Ana mwaka wa pili sasa, kila wiki anaweka kidogo. Jamani, hiyo ni “aspire” kwa masharti yote: ni kitu kilicho juu yake, mfanyaji ni yeye, na kinachukua muda. Tukaiandika pamoja kwa Kiingereza: I aspire to own my nets. Akaisoma mara mbili, akacheka, akaniomba nimtumie.

Kwa kikao chetu cha Jumapili baada ya Misa, kila mmoja aje na sentensi moja ya “aspire” inayomhusu, na chini yake aandike kwa Kiswahili alichokifanya wiki hii kuielekea. Wale wa barua zenye “hope” na “aspire” zilizochanganyika, nileteeni kabla ya Ijumaa, maana mtandao wa huku mnaujua.